Ujerumani Hakuna CR: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza Chuoni

Aliyesoma Mlimani, Dodoma au Kenyatta amezoea kufuatwa na habari. CR, kiongozi wa darasa, anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: mhadhara umehamia ukumbi mwingine, jaribio ni Ijumaa, ambaye hajajisajili ajisajili kabla ya saa sita. Ukipitwa na ujumbe, jirani wa chumba cha pili atakugongea mlango. Ujerumani mtu huyo hayupo. Chuo kinakuhesabu mtu mzima tangu siku unayopewa namba ya usajili. Tarehe zote zimeandikwa mahali fulani, na kuzijua ni juu yako. Nionavyo mimi, wengi wanaokwama mwaka wa kwanza wana akili ya kutosha na masomo wanayaweza. Wamekwamishwa na tarehe iliyopita kimyakimya, barua iliyokaa mezani bila kufunguliwa, au swali waliloona haya kuliuliza.

Haya yafuatayo ni kwako wewe uliyepata udahili wa muhula wa baridi. Muhula huo unaanza rasmi Oktoba 1, na mihadhara huanza katikati ya mwezi.

Kabla ya kupanda ndege

Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, na hilo ndilo linalowavuta wengi. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, iliko miji ya Heidelberg, Freiburg na Stuttgart, huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kuwatoza wanafunzi wapya wa aina hiyo mwaka 2024. Soma barua ya udahili hadi mstari wa mwisho. Popote uendako utalipa mchango wa muhula, mara nyingi kati ya euro 100 na 400, ambao aghalabu unabeba na nauli ya basi na treni.

Asiye na ufadhili wa DAAD au wa namna nyingine atatakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu. Njia ya kawaida ni Sperrkonto: unaweka fedha za mwaka mzima kwenye akaunti kabla ya kupewa viza, kisha unaruhusiwa kutoa kiasi maalumu kila mwezi. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Fedha hizo zina mambo yake, nitayarudia.

Chumba kitafutwe kabla ya koti. Siku ile ile unayopata udahili, omba nafasi ya hosteli kwa Studierendenwerk, taasisi inayoendesha hosteli na migahawa ya wanafunzi. Katika miji kama München, Hamburg na Berlin foleni inaweza kuchukua mihula kadhaa, kwa hiyo usisubiri viza. Njia ya pili ni WG, nyumba ambayo kila mtu ana chumba chake na jiko ni la wote. Wenyeji watakuhoji kwa video kama wanaoposwa: unapika nini, unalala saa ngapi, vyombo unaviosha lini. Jibu ulivyo, maana ndivyo mtakavyoishi. Kwenye tangazo angalia kama kodi iliyotajwa ni Kaltmiete, ambayo haijahesabu joto wala maji, au Warmmiete, ambayo imevijumlisha. Tofauti yake inaweza kuzidi euro mia moja. Amana ambayo mwenye nyumba anaweza kudai kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu. Na yule anayesema yuko London kikazi, utume amana leo naye atakutumia funguo kwa posta, ni tapeli. Hadithi ni ile ile kila mwaka, na kila mwaka kuna anayeliwa.

Koti lenyewe lisikunyime usingizi. Chukua moja la mtumba pale Karume au Gikomba la kukufikisha (huenda lilitoka huko huko Ujerumani), kisha viatu visivyopitisha maji ununue ukishafika. Kwenye uzito wa begi weka vitu ambavyo havipatikani kirahisi: miwani ya akiba, dawa zako pamoja na cheti cha daktari, na nakala zilizothibitishwa za vyeti vyote.

Wiki mbili za makaratasi

Ukishahamia, sheria inakupa wiki mbili kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Hiyo ndiyo Anmeldung, na karibu kila kitu kinaning'inia hapo: akaunti ya benki, namba ya kodi, kibali cha ukaazi. Utahitaji pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia, Wohnungsgeberbestätigung. Katika miji mikubwa nafasi za miadi huisha haraka, kwa hiyo kama anwani unayo, weka miadi ukiwa bado nyumbani.

Fomu ile ina kisanduku cha dini. Mlutheri wa KKKT huandika dini yake kwa moyo mkunjufu, na Mkatoliki vivyo hivyo, bila kujua kwamba serikali huko hulikusanyia kanisa kodi yake: asilimia 9 ya kodi ya mapato, au 8 ukiwa Bayern au Baden-Württemberg. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo halipi kodi ya mapato, kwa hiyo sasa haitakugusa. Itakugusa ukianza mshahara kamili. Sisemi uikane imani yako kwa ajili ya fomu; jua tu unachosaini.

Siku hiyo hiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua mlangoni. Tarishi wa huko anatafuta jina, na asipoliona barua inarudi ilikotoka. Ni kwa posta utakavyoletewa kadi ya bima, namba ya siri ya benki, namba ya kodi na wito wa ofisi ya uhamiaji. Mojawapo ya barua za kwanza itahusu Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Wageni wengi huitupa kwa kuwa hawana televisheni. Mchango haujali kama unayo au huna, na deni huendelea kukua. Kama mko WG na mwenzako analipa tayari, wajibu waliokuandikia kwa kuwapa namba yake ya mchango, basi.

Kwa jumla, barua yoyote ya serikali usiyoielewa ipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako wiki ile ile. Mwezi ukipita, nao watakuwa hawana la kukusaidia.

Viza uliyoingilia ina mwisho wake. Omba kibali cha ukaazi kabla haijaisha, hata kama ofisi imekupa miadi ya miezi mitatu mbele, kwa sababu kinachokulinda ni tarehe uliyotuma ombi. Aliyeomba kwa wakati anaweza kupewa Fiktionsbescheinigung, karatasi inayoonyesha kwamba anakaa kihalali huku akisubiri. Aliyeomba siku moja baada ya viza kuisha ana kesi nyingine kabisa.

Bima ya afya ni lazima. Kama hujafikisha miaka 30, ingia bima ya umma ya wanafunzi, inayozidi euro 140 kwa mwezi. Utakutana na kampuni binafsi zenye bei ya kuvutia, lakini ukijiondoa kwenye bima ya umma kwa ajili yao, kwa kawaida hutaweza kurudi tena hadi umalize masomo. Na namba zikae kichwani: 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi, 116117 kwa daktari wa usiku na wikendi pale ambapo ugonjwa si wa kutishia maisha.

Darasani

Ratiba ikisema 10 c.t., mhadhara unaanza saa nne na robo asubuhi. Ikisema 10 s.t., ni saa nne kamili. Robo saa ile ya c.t. ni mila ya zamani ya vyuo, na ni huruma ya mwisho utakayoonewa katika suala la muda. Mhadhara ukiisha, ukumbi mzima utagonga meza kwa ngumi. Usishtuke, ndiyo makofi yao.

Kinachowaangusha watu wetu ni ukimya wa muhula. Katika kozi nyingi hakuna anayeita majina, hakuna jaribio la katikati, hakuna alama za coursework za kukupa tumaini. Oktoba, Novemba na Desemba zinapita kwa utulivu, kisha Februari unakuja mtihani mmoja wenye alama zote. Aliyesubiri kutikiswa ndipo aanze kupiga nondo anakuta hakuna aliyemtikisa. Ukiwa umezoea kuanza kusoma pale tarehe ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inapobandikwa, jiwekee mitihani yako mwenyewe ya kila wiki ya tatu, na uifanye kwa saa kama ya kweli.

Pamoja na mhadhara kuna Übung, darasa dogo la mazoezi. Wageni hulidharau kwa sababu halifundishwi na profesa. Huko ndiko somo linakoeleweka. Katika hisabati, uhandisi na sayansi mara nyingi utatakiwa kufikisha kiwango fulani cha alama za mazoezi, nusu kwa mfano, ndipo uruhusiwe kuufanya mtihani. Mazoezi mengi hufanywa na watu wawili au watatu. Wiki ya kwanza mgeukie aliyekaa pembeni yako umuulize kama ana mtu wa kufanya naye. Wiki ya tatu watu watakuwa wameshagawana, na utabaki na wale waliobaki.

Na madesa? Yapo, ila yanakaa Fachschaft, chama cha wanafunzi wa idara yako. Huko mara nyingi utapata mitihani ya miaka iliyopita, habari ya profesa gani anapenda nini, na kahawa ya bei ya chini. Ndicho kitu kilicho karibu zaidi na CR wako wa zamani, isipokuwa wewe ndiye unayekifuata.

Kisha kuna suala la kusema. Tumelelewa kunyamaza mbele ya mwalimu, na nyumbani ni adabu njema. Kwenye semina ya Kijerumani anayenyamaza anahesabiwa kwamba hakusoma. Utamsikia kijana wa miaka 20 akimwambia profesa mwenye mvi kwamba hakubaliani naye, na profesa, badala ya kukasirika, anaegemea kiti na kumtaka aeleze. Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo. Wewe anza kidogo: kila semina andaa swali moja lililoandikwa, uliseme katika dakika 20 za kwanza, kabla woga haujakomaa.

Profesa ana saa yake ya kuonana na wanafunzi, Sprechstunde, na mara nyingi inahitaji miadi. Ukienda ukasema tu kwamba huelewi, mtatoka wote wawili mikono mitupu. Nenda na ukurasa, mstari na jaribio lako la kulitatua. Barua pepe iwe fupi: kozi gani, namba yako ya usajili, swali moja. Anza kwa cheo na jina la ukoo, na usihamie jina la kwanza hadi yeye akukaribishe. Salamu za kuulizia familia na afya ya ofisi nzima ziache. Utaonekana mtu wa kuzungukazunguka.

Hata kama shahada yako ni ya Kiingereza, soma Kijerumani. Kwa daktari, kwa mwenye nyumba, ofisi ya mji na kwenye kazi za maana, mara nyingi Kiingereza hakitoshi. Anza Goethe-Institut ya Dar es Salaam au Nairobi kama una muda, kisha endelea na kozi za chuo, ambazo ni bure au za bei ndogo na hujaa mapema. Na kuna njia ambayo wachache wanaitumia. Vyuo vya Bayreuth, Leipzig, Hamburg na Köln vinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wa Kijerumani wanaojifunza lugha yetu wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Bandika tangazo: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Unapata mwalimu na rafiki kwa mpigo mmoja, na kwa mara ya kwanza ugenini wewe ndiye unayejua.

Giza na watu

Desemba huko Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni na linachomoza baada ya saa mbili asubuhi. Baridi utaizoea, giza ndilo linalochosha. Toka nje mchana hata kama mawingu yametanda, usilale mchana, na ukiona wiki zinapita bila hamu ya kula wala kusoma, nenda kwa mshauri wa kisaikolojia wa Studierendenwerk. Huduma yake kwa kawaida ni bure, ni ya siri, na haiandikwi popote kwenye matokeo yako. Kuna vijana wanaoona kwenda huko ni kukosa imani. Waumini wazuri nao huvunjika mguu, na huenda hospitali.

Urafiki wa Kijerumani huja polepole na kwa kalenda. Mtu akikwambia mkutane Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi na moja, anakuthamini. Ukimfuata mlangoni bila taarifa utamshtua. Mahali pazuri pa kuwapata watu ni kwenye shughuli inayojirudia kila wiki: michezo ya chuo, Hochschulsport, ambayo ni ya bei rahisi, au kwaya ya chuo, ambayo mtu aliyekulia kwenye kwaya za kwetu ataingia kama samaki majini. Jumuiya za Watanzania na Wakenya zitafute pia, ila usihamie humo moja kwa moja.

Mambo ya nyumba nayapita haraka. Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku muziki chini. Takataka zinatenganishwa. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, zirudishe dukani. Fungua dirisha kila siku kwa dakika chache hata kukiwa na theluji, maana ukuta ukiota ukungu mwenye nyumba atakudai. Unga wa sembe utafute maduka ya Kiafrika, nyama halali kwa Waturuki, na kwenye mgahawa wa chuo soma alama zinazoonyesha chakula chenye nguruwe au pombe.

Ubaguzi upo, na sitakudanganya. Wakati mwingine ni kiti kilichobaki kitupu pembeni yako ndani ya treni iliyojaa, wakati mwingine ni tusi la wazi. Ukitendewa jambo chuoni au kwenye kutafuta nyumba, andika tarehe, mahali na mashahidi siku hiyo hiyo, kisha upeleke kwa ofisi ya kupinga ubaguzi ya chuo. Kumbukumbu iliyoandikwa inasikilizwa kuliko hasira ya haki isiyo na tarehe.

Boksi, bajeti na simu za nyumbani

Sasa turudi kwenye zile euro 11,904. Mara nyingi ni fedha za watu wengi: mjomba kauza kiwanja, mama kakopa kwenye kikoba, kaka kachukua mkopo wa mshahara. Kwa hiyo simu zinapoanza mwezi wa pili, anayepiga hakuombi tu, ana dai lake. Kosa ni kuondoka bila kulizungumza. Kaeni kikao kabla ya safari na bajeti ikiwa mezani. Mfano: kodi ya hosteli 380, bima 145, chakula 230, mchango wa muhula ukigawanywa 50, simu 15, redio 18. Jumla ni 838, na kwenye 992 zimebaki 154 za nguo, vitabu na dharura. Ukiwa München kodi peke yake inaweza kulimeza hilo salio lote. Mwoneshe mjomba hesabu hiyo kwa maandishi, mkubaliane marejesho yaanze lini. Na baada ya hapo uwe mwangalifu na picha unazoweka. Anayekuona umesimama mbele ya kanisa kuu la Köln na koti jipya hajui kwamba koti ni la Gikomba.

Kibali kikikaribia kuisha utatakiwa kuthibitisha tena kwamba una fedha ili kiongezwe muda. Aliyetuma zote nyumbani hulikumbuka hili akiwa kwenye kiti cha ofisi ya uhamiaji.

Kubeba boksi, yaani kufanya vibarua, kunaruhusiwa kwa kiasi. Tangu Machi 2024 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa kuanzia Januari 2026. Kazi ya usaidizi ndani ya chuo, inayoitwa HiWi, haihesabiwi kwenye siku hizo, na inakuweka karibu na maprofesa. Iulizie kwa barua pepe hata kama hakuna tangazo. Ghala la usiku lina fedha za haraka, lakini anayebeba boksi hadi alfajiri hulala kwenye Übung. Kazi ya magendo isiyo na mkataba usiiguse, kwani inakihatarisha kibali chenyewe.

Ikitokea fedha zimekatika ghafla, usikae kimya. Kuna jumuiya za wanafunzi za Kanisa la Kiinjili na la Kikatoliki, ESG na KHG, ambazo mara nyingi huwasaidia wanafunzi wa kigeni walio kwenye dhiki, na nyingi haziulizi dini yako. Mpango uitwao STUBE nao huendesha semina kwa wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini.

Februari

Mtihani unajisajilia mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, na dirisha la kujisajili linaweza kufungwa wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Asiyejisajili hafanyi, hata kama alihudhuria kila mhadhara. Ukiugua siku ya mtihani, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo upate cheti, maana cha kesho yake kinaweza kukataliwa. Kipindi hicho hicho lipia muhula unaofuata. Usipolipa unafutwa kwenye orodha ya wanafunzi.

Alama bora ni 1.0, ya kufaulu kwa shida ni 4.0, na 5.0 ni kufeli. Sapu zipo, lakini soma kanuni za mitihani za kozi yako ujue umepewa nafasi ngapi. Kwingi ni tatu. Ukiimaliza ya mwisho kwenye somo la lazima bila kufaulu, umedisko, na kwa kawaida kozi hiyo hiyo hutaruhusiwa kuisoma chuo kingine Ujerumani. Kwa hiyo ukifeli mara ya pili, nenda kwa mshauri wa masomo kabla hujajisajili mara ya tatu.

Matokeo yakitoka, idara hutangaza siku ya wanafunzi kuziona karatasi zao zilizosahihishwa, Klausureinsicht. Wenzetu wengi hawaendi, wakidhani ni kumshitaki mwalimu. Jiandikishe uende, hata kama umefaulu. Jumlisha alama ukurasa kwa ukurasa, soma pale zilipokatwa, na penye shaka muulize msahihishaji aliyepo chumbani. Mara nyingine kuna jibu lililorukwa au hesabu iliyokosewa, na 5.0 inageuka 4.0 papo hapo.